Siku Niliyotoka Golini

Nikiikumbuka ile mechi mpaka leo masikio yananiwaka, lakini bon, mmenibana sana, acheni niwaeleze, na atakayecheka kabla sijamaliza atatoka nyumbani kwangu.

Nilikuwa gardienne, mlinda mlango, wa timu ya handball ya wanawake ya institut yetu, shule ya sekondari, pale Kisangani, enzi za Zaïre, wakati kila mtu aliitwa citoyen, mwananchi, na sisi wachezaji kabla ya mechi tulipaswa kwanza kukiimbia na kukichezea ngoma chama tawala, jasho linatutiririka na mpira haujaguswa. Msimu mzima nilizuia kwa mikono, kwa magoti, siku moja kwa pua (damu ikanitoka, hakuna aliyepiga makofi). Makofi yote yalikuwa ya Bolumbu, msichana aliyetoka Opala mwaka ule, mabega ya kupiga kasia, akirusha mpira hata mlingoti wa goli unatetemeka. Hayo ningeyavumilia. Shida ilikuwa Asumani, mchumba wangu, muuza pagne, vitenge, wa mtaa wa Mangobo, ambaye hakuijua handball hata kidogo, alikuja uwanjani kunitazama mimi, na sasa akija kwetu kula ni Bolumbu hivi, Bolumbu vile.

"Ule mutoto iko na mukono!" ananiambia, mdomo umejaa sombe yangu, majani ya muhogo. Sombe niliyoitwanga mimi!

"Na miye?"

"Weye pia. Lakini weye unasimama tu."

Unasimama tu. Neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na siku ya mechi ya mwisho, ambayo tukishinda tunapanda ndege kwenda kucheza Kinshasa (hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege), nikafunga kidole kitambaa nikamwendea papa Bosenge, entraîneur wetu, kocha.

"Papa, kidole inaniuma, golini sitaweza. Unitie mbele."

Akanitazama. Gardienne wa pili alikuwa kitandani na malaria. "Alors, Safi, nani atasimama golini?"

"Bolumbu," nikasema, haraka mno.

Nilifurahi, jamani, nilijiona nimemzika. Kumbe Bolumbu golini alikuwa ukuta! Anazuia huu, anazuia ule, uwanja mzima unaimba jina lake, na mimi huko mbele nagongana na wenzangu kama mbuzi sokoni, kila mpira ninaoupata naurusha nje, na nikigeuka namwona Asumani amesimama juu ya benchi anapiga mluzi, na si kwa ajili yangu.

Dakika za mwisho tulikuwa sawa kwa sawa na wapinzani wetu, wasichana wa shule ya uuguzi. Gardienne wao akatoka golini kuja kusaidia kushambulia, wakarusha, Bolumbu akadaka, akaona goli lao limebaki wazi, akautuma mpira kutoka kule kwetu moja kwa moja golini huku kwao, mpira mzuri, mpira wa Kinshasa kabisa, na mbele ya lile goli tupu nimesimama mimi peke yangu. Sikufikiri. Niliona mpira unakuja na nyuma yangu kuna nyavu, basi mwili ukafanya kazi yake ya msimu mzima: nikaruka, nikaudaka kwa mikono miwili, nikaanguka nao kifuani.

Kisha mtu mmoja, mmoja tu, akaanza kupiga makofi.

"Safi! Safi ameokoa!"

Asumani. Hakujua goli lile ni la nani. Kwa mara ya kwanza msimu ule alinishangilia mimi, mpaka jirani yake akamvuta shati akae.

Filimbi ikalia, mechi ikaisha sare, na sare iliwatosha wale wauguzi, ndio waliopanda ndege. Papa Bosenge akaja mpaka pale nilipolala, hakunifokea, aliinama tu.

"Kidole imepona?"

Wenzangu walinipita. Aliyerudi kuninyanyua ni Bolumbu. "Simama, yaya," akasema (aliniita yaya, dada mkubwa, tangu alipofika), "umeruka muzuri." Na hilo ndilo lililoniliza, kwamba hata kwa wema amenishinda.

Msimu uliofuata nilirudi golini kabla ya kuambiwa, na mpaka namaliza masomo sikuomba tena kutoka. Wivu bado ninao, sitawadanganya, lakini siku hizi ukinijia nabaki nao ndani na mlango nimeufunga, siupeleki tena mbele ya watu.