Kadi Mapacha

“Nipigie kelele tena, Hajati, na hii mashine itakimbilia bandarini Port Bell!” fundi alifoka.

“Ikimbie na wewe!” akajibu Rukiah, mwenye duka la intaneti mtaani Kawempe. “Wateja wangu wote wamehamia kwa jirani.”

Fundi akapuliza vidole vyake vinene kama mihogo, kama apulizavyo kila mara kabla ya kugusa kibodi. Kompyuta kuu ya Linux ilikuwa na kadi mbili za mtandao zenye jina moja. Ukiita ya ndani, ya kompyuta za dukani, inaitika ya nje, ya intaneti. Akazipa majina wanayopewa mapacha kwao mjini Gulu: Opiyo na Ocen, akaziita kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Kila moja ikaitikia jina lake. Rukiah akashusha pumzi hata kalenda ikapepea ukutani.

“Fundi, mke unaye, au nikutafutie...”

“Hajati, intaneti imerudi?” akauliza mteja, akiingia.