Mama wa Filamu

Kila nikipita kwenye maduka ya kanga Kariakoo, harufu ya kanga mpya isiyoguswa na maji hunisimamisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, siku ya tatu tangu nitoroke kwa shangazi Buguruni, nilipokuta watu wanashuti filamu ya binti aliyekimbia kwao. Mwigizaji wao hakutokea, wakaniweka mimi. Nikumbatiwe na mama, niseme, "Mama, nisamehe." Basi.

Mama wa filamu alivaa kanga iliyonunuliwa asubuhi ile, bado ngumu. Akanikumbatia. Nikazika uso kwenye kanga ile, nikavuta harufu yake, maneno nisiyaseme.

"Rudia," akasema dairekta. "Maneno mawili tu yanakushinda?"

"Mwache, mtoto ana aibu," mama yule akamjibu.

Tulirudia mara saba. Maneno niliyajua tangu mwanzo.