Kidole kilichookoa picha za moyo wa dada

Leo nimeshindwa mabishano na kidole cha mguu.

Dada yangu Zuwena, wa Kikwajuni, tumemvusha Dar apigwe picha za moyo kwenye mashine ya MRI. Bila picha hizo daktari hawezi kuamua kama atampasua.

Mashine lazima ipige picha kwa kufuata mapigo ya moyo. Wakambandika waya kifuani, lakini sumaku ikavuruga ishara. Picha zikatoka ukungu mtupu.

Fundi akasema, "Basi tutachukua mapigo kidoleni, kwa kibanio chenye taa inayopenya ngozi na kusoma damu."

Nikawaka. "Moyo uko kifuani, bwana, wewe unautafuta kidoleni? Au kwa kuwa tumetoka Unguja?"

"Mzee wangu, damu ya kidoleni inasukumwa na nani?"

Nikampisha afunge kibanio chake. (Mnaonijua, msicheke.)

Kibanio nacho kikagoma. Dada katoka harusini Makunduchi, ncha za vidole zote nyeusi kwa rangi ya piko, taa haipenyi. Miguuni vilevile.

Nshaanza hotuba juu ya wanawake na mapambo, dada akaniita kutoka kitandani.

"Kaka, punguza. Kidole gumba cha mguu wa kushoto nilijikwaa, kilikuwa na plasta. Mpambaji alikiruka."

Kikabanwa hicho hicho.

Picha zimetoka safi. Daktari anasema ni valvu moja tu, na inatengenezeka.

Dada anasema akipona atapakwa piko upya, ila kile kidole kitabaki cheupe.

Leteni hoja zenu. Kwa leo tu, sibishi.