Ulimi wa Mwajabu na Mpunga wa Nunu

Mama yake Mwajabu binti Kibwana alikuwa mpika chumvi. Alikwangua udongo kwenye uwanda ulio nyuma ya mikoko ya Mtoni, akauchuja kwa maji, kisha akayachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki chunguni. Kazi ya binti ilikuwa kuonja. Udongo usio na chumvi ya kutosha ulimaliza kuni bure.

Chumvi ya dukani imekwisha kuiua kazi ile. Leo, mwaka 1953, Mwajabu ana miaka hamsini na kitu, na ulimi uleule anautumia kwa haja iliyo kinyume. Wakulima wa mpunga kuanzia Mtoni hadi Mbagala humwita kabla ya kupanda, awaambie kama maji ya bahari yameiharibu ardhi yao.

Udongo wa juu haushughulikii, kwa kuwa mvua huuosha na chumvi hujificha chini. Huchimba mpaka mkono uzame kufikia kiwiko, akatoa kidonge kisichozidi punje ya kunde, akakigusisha ulimini na kukitema. Kisha husogea hatua ishirini na kuchimba tena.

Mwezi wa Aprili mwaka jana, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalibomoa tuta lililozuia bahari isiingie shambani kwa Nunu binti Matar. Nunu ni mjane wa Kiarabu. Duka la marehemu mumewe lilichukuliwa na shemeji zake. Yeye na watoto wake wanne walibakiwa na shamba hilo la bondeni. Mbegu yake yote ilikuwa imekwisha kuota kitaluni. Miche ile ikifa kwa chumvi, hakuna mbegu ya pili, na hakuna chakula cha mwaka. Akamwita Mwajabu.

Mwajabu alifika saa sita mchana. Kwa desturi ya nyumba ile, mgeni hatumwi kazi kabla ya kula.

"Ngoja nikaone shamba kwanza, mwanangu," Mwajabu alisema.

"Watu watasema nini, bibi? Kwamba kwa Nunu mtu huchimba na njaa yake?"

Mwajabu alikaa mkekani, akala wali kwa papa mkavu. Alisukutua kinywa, akaenda shambani, akachimba mashimo tisa. Hakuonja chumvi hata mahali pamoja.

"Udongo mtamu," alisema. "Kesho pandikizeni."

Jioni, nyumbani kwake Keko, alikunywa maji ya kisima chake. Kisima kile kina uchumvichumvi ambao majirani huulalamikia kila siku. Safari hii maji yalikuwa matamu kama ya mvua. Alikunywa kata ya pili ili ahakikishe. Kisha akaketi kizingitini, kwani alikuwa ameelewa: chumvi ya yule papa ilikuwa imeuziba ulimi wake, na kwa Nunu alikuwa amesema uongo bila kujua.

Kulipopambazuka aliondoka bila kutia kitu kinywani. Alipofika, wanawake saba wa jirani walikuwa wamekwisha kung'oa sehemu ya miche, na watatu walikuwa wameanza kuipandikiza kwenye kona ya chini, karibu na tuta.

"Acheni!" aliita. "Jana nilikosea."

Hamisa, jirani mwenye sauti kuliko wote, alijishika kiuno. "Jana mtamu, leo mchungu! Udongo huu umeolewa usiku?"

"Unicheke tu, Hamisa, lakini toka majini."

"Mie nitatoka. Ila uniambie kesho utasemaje."

Mwajabu alishika kazi. Alichimba mashimo yaleyale tisa. Sehemu ya juu, upande wa mto, ilikuwa salama. Kwenye mashimo matano ya chini alitema haraka. Kwa kuwa neno lake la jana lilikuwa limeanguka, hakutaka waliamini la leo hivi hivi. Alichanganya udongo wa chini na maji, akauchuja kwa kitambaa cha kaniki, akayachemsha maji yale juu ya mafiga ya Nunu kama mama yake alivyokuwa akifanya. Sufuria ilipokauka, ukoko mweupe ulibaki. Hamisa aliuchovya kwa kidole, akakunja uso.

"Haya," alisema. "Huu hata mchuzi wa mwezi mzima unautosha."

Miche yote iliyokuwa haijapandwa ilihamishiwa sehemu ya juu, ikabanana. Tuta liliposhindiliwa upya, Nunu aliyafungulia maji ya mto yaingie sehemu ya chini na kuyatoa wakati bahari imekupwa, mara nne, ili chumvi ioshwe na sehemu ile ifae kupandwa mwaka huu. Ile miche ya kona ya chini iliyokwisha kupandwa haikuguswa. Ilikauka kuanzia nchani, na siku ya tisa ilikuwa imekufa yote.

Sehemu ya juu ilitoa magunia matano. Yaliwatosha Nunu na watoto mpaka mvua za mwaka huu, na mbegu ikabaki.

"Watu wanasifu ulimi wake," Nunu anasema. "Mimi namshukuru kwa miguu yake. Angeweza kukaa kwake Keko, mpunga ukafa, nami ningesema ni kazi ya Mungu. Nisingejua kamwe. Akaja kujiaibisha mbele ya Hamisa, alhamdulillahi."

Mwezi uliopita Mwajabu aliitwa tena kuikagua sehemu ya chini. Alipikiwa chakula, kikafunikwa na kuachwa jikoni. Alichimba, akaonja, akachimba tena. Mashimo manne kati ya matano yalikuwa safi. La tano walilizungushia vijiti, wakapanda kuzunguka vile vijiti, na Nunu akaenda kupakua kile chakula.