Mama Mkwe Nyuma ya Pazia

Juzi nilikuwa Kimbo, Ruiru, nimeketi langoni mwa ploti moja ya ghorofa nikipumzisha magoti, mke na mume wakaja kutazama bedsita, chumba kimoja cha kila kitu, mlango wake wazi mbele yangu. Mke alitaka kumleta mamake mgonjwa kutoka kijijini.

"Mama mkwe alale hapo, na mimi hapa?" mume akauliza, macho yakiwa sakafuni.

"Mnagawa na pazia," akasema msimamizi wa ploti, akichora hewani kwa ufunguo. "Wote hufanya hivyo."

"Mama mkwe wako umeshawahi kumsikia akikoroma?" mume akamuuliza.

Msimamizi akacheka peke yake. Kwetu mama mkwe hata chai hunywa amekaa ukingoni mwa kiti, sembuse kuvua kitambaa cha kichwa karibu na kitanda chako.

"Ya vyumba viwili hamna?" mke akauliza.

"Hizo hazijengwi siku hizi, mathe."

Mke akaupima ukuta kwa viganja, akafika dirishani, akarudia, kana kwamba chumba kingeongezeka. Kisha akampigia mamake simu. "Maitu, ngoja kidogo. Bado tunatafuta." Mumewe alikuwa ameshapokea ufunguo wa chumba hicho, cha wao wawili tu.

Wakubwa husema miji yetu inakua. Ghorofa kweli zinapanda, lakini mzazi hana pa kulala bila kumwaibisha mkwewe. Na ugonjwa, jameni, haujui kungoja.