Akala za Baba

Juzi katika soko la Kariokor nilimwona fundi wa akala akichora mguu wa mtoto kwa chaki juu ya tairi. Harufu ya gundi ikanirudishia wivu. Baba alinichora mguu hivyo aliponishonea akala, nami niliamini hajawahi kushika mguu wa mtoto mwingine.

Alasiri moja, tulipokuwa tumeshamzika Baba, mwanamke kutoka Njiru alikuja kwetu na binti yake. Binti alivua akala mlangoni, nikaona mshono wa Baba. Nilichukua moja nikaitupa mtaroni.

“Vua zako umpe,” Mama alisema. “Huyu pia ni mtoto wa baba yako.”

Nilivua nikilia. Zilimtosha kabisa. Mama alipiga magoti kumfunga kamba za akala. Niliona adhabu yangu tu. Sikujiuliza kwa nini Mama aliifunga na kuifungua kamba ileile mara tatu.