Tairi Kubwa za Mume Wangu

Mume wangu alipobadilisha tairi za pikapu yetu hakuniuliza, ingawa nusu ya gari lile ilitokana na nguo nilizowashonea watu. Alitaka lifanane na magari ya mashirika yanayopita Garsen kwenda vijijini. Akalivisha tairi kubwa, kisha akachomelea bampa ya chuma kizito mbele.

Mimi pia nilikuwa naliendesha. Zamani nikitoka kijijini kwetu Kulesa asubuhi, nikiingiza gia ya pili tu limeshachanganya mwendo. Baada ya tairi zile, gia ya kwanza ikawa nzito kama ya pili, na ya pili kama ya tatu. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo injini ileile ililazimika kukaza zaidi ili gari liondoke, na gari lenyewe limeshaongezewa chuma.

"Limekuwa zito kuondoka," nilimwambia. "Tukipakia mzigo litatushinda."

Alikuwa na wenzake barazani. "Mama watoto, gia unazozijua wewe ni za mwiko."

Wakacheka wote. Nikarudi ndani.

Mto ulipofurika, maji yalifika mlangoni alfajiri. Tulipakia magunia ya mahindi, watoto, mama mkwe wangu na cherehani yangu ya miguu. Kufika barabara kuu ilibidi tupande tuta refu la udongo. Mume wangu alikanyaga mafuta, gari likajivuta hadi katikati, likazimika. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Likazimika tena, klachi ikaanza kunuka. Maji yalikuwa yanatufuata.

"Tushuke sisi watu," nikasema. "Likipungua uzito litapanda."

Akashuka yeye peke yake. Alizunguka nyuma, akaikumbatia cherehani yangu, akaitupa majini.

Akajaribu tena. Gari likazimika palepale.

Ndipo mama yake alipomfokea. "Si mkeo amekwambia tushuke?"

Tukashuka. Nilimbeba mtoto mdogo, tukapanda tuta kwa miguu, maji ya tope yakitutiririka. Gari likapanda nyuma yetu, na magunia yake, na bampa yake.

Katika kambi ya waliokimbia mafuriko nilimsikia akiwasimulia wanaume, "Bila tairi zile tungezama." Wakamwitikia. Nilikuwa nimeketi karibu, nguo zimenigandama mwilini, namenya viazi. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuwa na hasira kiasi kile na bado akaendelea kumenya viazi.

Maji yalipopungua nilikwenda kuitafuta cherehani peke yangu. Nilikuta tope tu.

Siku hizi nakaa Garsen na watoto, kwa dada yangu, nashona kwa mashine ya kukodi. Mume wangu huja Ijumaa baada ya sala, akapiga honi nje. Juzi aliingia akanywa chai, akaniambia nirudi nyumbani, ya zamani tuyasahau.

"Yapi hayo?" nikamuuliza.

Akafikiri, kikombe mkononi, akifikiri kwa dhati kabisa, na nikaona kwamba kweli hayajui.